Ufa Usioonekana: Tuipime Silinda Kabla ya Kumhukumu Mtu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini linachukulia kwamba ufa umekwisha kuonekana. Uko ufa mwingine, mwembamba kuliko unywele, uliojificha ndani ya madini, ambao haujitokezi ila madini yanapopata moto, na yakipoa hujifumba usijulikane ulipo. Ufa wa namna hiyo ukiwa katika silinda ya injini, huzima riziki ya nyumba. Na mara nyingine, kwa kuwa haukuonekana, hutupiwa lawama mtu asiye na hatia. Juu ya ufa huo tumekusudia kuzungumza na wasomaji wetu wiki hii.

Yamkini mama msomaji atauliza: mimi na silinda wapi na wapi? Tunamwomba atazame mitaani petu na mashambani. Mashine ya kufyekea nyasi, msumeno wa mashine ambao wengi huuita pawasoo, mashine nyingi za zamani za boti, hata baadhi ya mashine za kupulizia dawa mikorosho, zote hizo aghalabu huendeshwa na injini ndogo ya mipigo miwili, ile inywayo petroli iliyochanganywa na oili. Nyuma ya kila mashine ipo nyumba inayotegemea shilingi zake: karo, unga, kodi ya chumba. Mashine ikifa, mama ndiye wa kwanza kujua, kwa kuwa ndiye aliye karibu na sufuria.

Kazi ya silinda

Katika injini ya mipigo miwili, silinda si kopo tupu la pistoni kupandia na kushukia. Ni nyumba yenye milango. Pistoni inapopanda, huvuta hewa na petroli kwa chini, katika chumba cha krenki, na wakati huo huo hubana mchanganyiko uliotangulia kwa juu. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko hulipuka, pistoni husukumwa chini. Ikishuka hufungua mlango wa moshi, kisha hufungua njia za pembeni ambazo mchanganyiko mpya hupandia kutoka chini. Basi kila mzunguko mmoja wa krenki ni mlipuko mmoja. Mashine ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, silinda hupigwa na milipuko zaidi ya 130 katika kila sekunde.

Tukijua hayo, tunaelewa mambo mawili. La kwanza, silinda hubanwa pande zote mbili: juu kuna mlipuko, na chini kuna pumzi ya chumba cha krenki. Pumzi ikivuja popote, injini huugua. La pili, ukuta wa silinda ni dhaifu zaidi pale penye milango na matundu ya bolti, kwani hapo madini ni membamba na joto ni kali, hasa karibu na mlango wa moshi.

Silinda za mashine hizi husubiwa kwa alumini, na nyingi kichwa na kiwiliwili chake ni kipande kimoja. Alumini ni nyepesi na hupoa upesi, lakini ni laini, na ikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Ndiyo maana ndani yake hupakwa ngozi ngumu. Baadhi hupakwa kromu. Nyingine hupakwa nikeli iliyochanganywa na chembe ngumu za silikoni kabaidi, ufundi uliotolewa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mnamo mwaka 1967. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, na ikibanduka hakuna fundi wa mtaani awezaye kuirudisha.

Spea ya kampuni na spea ya mbadala

Silinda ikiharibika, mwenye mashine husimama mbele ya kaunta ya duka na kuonyeshwa mbili: ile ya kampuni iliyounda mashine, yenye bei ya kutisha, na ile ya mbadala, yenye bei ya kuvutia. Insafu yatulazimu kusema kwamba si kila spea ya mbadala ni mbovu. Wako waundaji wa mbadala wenye kuiheshimu kazi yao, na silinda zao hudumu. Ubaya uko katika ile iliyosubiwa kwa haraka.

Alumini ikimiminwa vibaya, hewa hunaswa ndani yake, na ikiganda hubaki vitundu kama vya mkate wa kumimina. Kwa nje silinda hung'ara. Kwa ndani ina mapengo. Aidha ukuta huweza kuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, uso wa chini wa kukalia ukawa haukunyooka, na kingo za milango zikaachwa kali, hata ringi ya pistoni ikanasa. Silinda kama hiyo ikifungwa bolti, hupindwa kidogo tangu siku ya kwanza. Kisha moto huja, hupoa, huja, hupoa. Na pale palipokuwa na kitundu ufa huanza, ukatambaa hadi ukafika mlangoni.

Shauri lililoletwa kwetu

Miezi kadhaa iliyopita tuliletewa shauri la sulhu na kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja cha bara ya pwani yetu. Walikuwa wamechanga, wakanunua mashine ya kufyekea nyasi, wakawa wanapata kazi za kusafisha mashamba ya minazi na viwanja vya shule. Kijana mmoja, yatima anayewalea wadogo zake wawili, ndiye aliyeiendesha. Silinda ya kwanza ilipochakaa walinunua ya mbadala. Haikutimiza wiki sita: mashine ikawa inawaka asubuhi na kugoma adhuhuri, kisha ikafa kabisa.

Fundi wa jirani aliifungua, akaona pistoni imechubuka upande wa mlango wa moshi, akatoa hukumu palepale: kijana ametia petroli isiyo na oili. Maneno yakaenea. Wengine wakaongeza kwamba oili aliiuza. Kijana akakana, lakini ujira wake wa miezi miwili ukazuiwa, na jina lake likawa linatajwa visimani. Mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye busara, alituambia, "Shehe, sipendi kumdhulumu mtoto wa watu, na sipendi mali ya wenzangu ipotee. Nionyesheni njia."

Tulimwendea fundi mzee ambaye amezifungua mashine za boti kwa zaidi ya miaka thelathini. Yanayofuata ni mafunzo yake, tuliyoyapanga ili yamfae kila mwenye mashine.

Dalili za silinda yenye ufa

Dalili ya kwanza ni mashine kuwaka vyema ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto, kwa kuwa joto huufumbua ufa. Ya pili ni mlio usiotulia: kishikio cha mafuta kimeachiwa, lakini injini huendelea kuzunguka kwa kasi, au hupanda na kushuka yenyewe. Hiyo ni ishara kwamba hewa inaingia mahali isipopitia kabureta. Ya tatu ni nguvu kupungua nyasi zinapokuwa nzito. Ya nne ni plagi kuwa nyeupe badala ya rangi ya kahawia kama ya ngozi ya nazi kavu. Ya tano ni alama ya mafuta meusi juu ya silinda, mahali pasipo na kiungo chochote. Hapo ndipo ufa unapotoa jasho.

"Lakini Maalim," fundi alituonya, "dalili si ushahidi. Homa ina sababu nyingi." Plagi mbovu, chujio la hewa lililojaa vumbi, egzosi iliyoziba masizi, kabureta iliyopotoka, gasketi iliyokatika, sili za krenki zilizochoka: kila moja huweza kuiga dalili hizi. Kwa hiyo vipimo hufuatana, kuanzia chepesi.

Vipimo, kimoja baada ya kingine

Kwanza, macho. Silinda husuguliwa kwa brashi mpaka nyuzi za nyasi na chumvi ya bahari zitoke katikati ya mapezi yake ya kupozea. Hutazamwa juani, hasa kuzunguka tundu la plagi, mizizi ya mapezi, matundu ya bolti na mlango wa moshi.

Pili, geji ya kompresheni. Swichi huzimwa, plagi hutolewa, geji hutiwa mahali pake, kishikio cha mafuta hufunguliwa, kamba huvutwa mara kadhaa hadi mshale usipande tena. Mashine ndogo nyingi zenye afya husoma baina ya 120 na 160 kwa kipimo cha paundi. Ikishuka chini ya 90, kuwaka huwa taabu. Kipimo hufanywa baridi, kikarudiwa moto. Tofauti kubwa baina ya viwili hivyo ni sababu ya kushuku ufa. Yakitiwa matone machache ya oili katika tundu la plagi na kipimo kikapanda, mshukiwa ni ringi. Kisipopanda, shaka hurudi kwenye silinda.

Tatu, kipimo cha pumzi, ambacho mafundi wengi hukiruka. Ufa ulioko chini, karibu na njia za pembeni au mahali silinda inapokalia, geji ya kompresheni huweza isiuone kabisa. Fundi hukata vipande vya mpira wa tyubu, akaziba navyo mlango wa moshi na mlango wa kabureta, kisha akapuliza pumzi ndogo kwa pampu ya mkono, isiyozidi nusu ya ba, yaani kama paundi 7. Ikizidi hapo sili za krenki huweza kuruka. Pistoni huwekwa chini ili milango ya ndani iwe wazi na pumzi ifike juu na chini. Halafu silinda hupakwa maji ya sabuni kwa brashi. Mshale ukishuka, povu litamwonyesha mwizi alipo: likitoka kwenye sili ni sili, likitoka kwenye gasketi ni gasketi, na likitoka katikati ya madini matupu, huo ndio ufa. Baada ya hapo hufanywa kinyume chake, kuvuta badala ya kupuliza, kwani sili nyingine huzuia pumzi isitoke ilhali huruhusu hewa kuingia.

Nne, silinda ikishafunguliwa, ni kipimo ambacho mama zetu wamekijua kabla ya injini kuzaliwa. Nani kati yao hununua chungu bila ya kukigonga? Silinda huning'inizwa kwa kamba na kugongwa taratibu kwa kipande cha mti. Nzima hulia kwa sauti safi yenye kuendelea. Yenye ufa hutoa sauti butu inayokatika. Hukumu kamili haitolewi kwa mlio peke yake, lakini sikio lililozoea vyungu halidanganyiki kwa wepesi.

Tano, mafuta ya taa na chaki. Silinda huoshwa ikakauka, ikalowekwa katika mafuta ya taa kwa saa kadhaa, ikapanguswa vizuri, kisha ikanyunyiziwa unga wa chaki ya shuleni. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda polepole yakaulowesha unga, na mstari mweusi ukajichora wenyewe. Njia hii ni ya zamani; karakana za reli ziliitumia kuchunguzia nyufa za ekseli za magari ya moshi. Leo ipo dawa ya rangi ya kazi hiyo hiyo, lakini chaki hupatikana kila kijiji. Kazi hii na ifanywe nje, mbali na jiko na watoto.

Kuusoma ufa

Kuuona ufa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: umetoka wapi? Hapa ndipo haki ya mtu ilipo.

Ufa uanziao kwenye tundu la plagi aghalabu ni wa plagi iliyokazwa kwa nguvu kupita kiasi. Ufa wa mahali silinda inapokalia, ulioanzia tundu moja la bolti, huweza kuwa wa bolti zilizokazwa upande mmoja kabla ya mwingine. Silinda iliyomwagiwa maji ingali moto huweza kupasuka kwa mshituko. Lakini ufa ukivunjwa na kutazamwa ndani, ukakuta punje za kijivu zenye vitundu vitundu, hiyo ni aibu ya kuzaliwa: ilitoka nayo kiwandani. Tena ikiwa sehemu ya ufa imekwisha kuwa nyeusi kwa masizi na sehemu nyingine ingali inang'aa, basi ufa ulianza kitambo ukawa unatembea, haukutokea kwa siku moja.

Na pistoni iliyochubuka? Fundi mzee alitueleza jambo ambalo yule wa kwanza hakulipima. Mashine isiyopata oili huchubuka pistoni; na mashine inayovuta hewa ya ziada kupitia ufa huchubuka pistoni vilevile, kwa kuwa mchanganyiko hupungua petroli, na petroli hiyo ndiyo iliyobeba oili. Pistoni mbili hizo huweza kufanana kama mapacha. Anayehukumu kwa pistoni peke yake anakisia.

Akaomba aletewe mafuta yaliyobaki katika tangi la mashine. Alidondosha tone juu ya karatasi nyeupe, na tone la petroli tupu la dukani kando yake. Baada ya muda petroli tupu ilikuwa imeruka, karatasi ikabaki kavu. Tone la tangini likaacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa bajia. Basi oili ilikuwemo. Kisha akapuliza pumzi, na povu likatoka baina ya tundu la bolti na mlango wa moshi, penye madini matupu. Chaki ikauchora ufa, na alipouvunja, akina mama wenyewe waliviona vitundu. Mwenyekiti alikitazama kipande kile kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, tusamehe." Ujira ukalipwa wote siku ile mbele ya watu, kama vile tuhuma ilivyosemwa mbele ya watu.

Kuziba, au kurudisha dukani?

Wengi huuliza iwapo ufa waweza kuchomelewa. Kwa silinda hizi ndogo, jawabu ni hapana. Moto wa kuchomelea huipinda alumini na kuibandua ngozi ya ndani, na gundi za chuma hazistahimili joto na milipuko ya humo. Silinda yenye ufa hubadilishwa. Lakini isibadilishwe kabla ya sababu kujulikana, kwani kilichoipasua ya kwanza chaweza kuipasua ya pili.

Na mnunuzi aliyeuziwa aibu iliyofichika hana haja ya kunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahiki. Nasi katika fiqhi tunayo khiyari ya aibu: mnunuzi aliyegundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa ana haki ya kurudisha. Katika madhehebu yetu ya Shafii hutakiwa afanye hima mara anapojua, wala asiendelee kukitumia kitu hicho kana kwamba amekiridhia. Maana yake kwa mwenye mashine ni hii: ukishuku ufa, izime, usiifanyishe kazi wiki nyingine "ili tumalizie shamba." Weka risiti, weka silinda yenyewe, na piga picha ya alama. Mwenye duka wa kikundi kile alikataa mwanzo. Alipoonyeshwa kipande chenye vitundu na risiti yake, alirudisha bei ya silinda, ingawa ya pistoni hakuirudisha.

La kufanya kabla ya kununua na baada yake

Dukani, usinunue silinda ukiwa umeifungiwa katika karatasi. Ishike, itazame ndani mbele ya mwanga, pitisha kidole kwenye kingo za milango uone kama ni kali, ilaze juu ya kioo uone kama inayumba, na igonge usikie. Linganisha unene wa ukuta wake na ule wa silinda ya zamani. Mwenye duka mwaminifu hatachukia.

Wakati wa kufunga, bolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Zikaguliwe tena baada ya mashine kupata moto na kupoa mara chache. Siku za mwanzo isilemewe kwa kazi nzito. Mchanganyiko upimwe kwa chupa yenye alama, usikisiwe: kwa mashine inayotaka 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli; kwa inayotaka 25 kwa 1, ni mililita 40. Mapezi yasafishwe kila jioni, mashine ikishapoa.

Na la mwisho ni la nyumbani zaidi kuliko la karakana. Kiwekwe kidaftari: tarehe, lita, oili, na aliyechanganya. Daftari lile likiwepo, kijana hatahitaji kuapa wala kikundi hakitahitaji kudhani. Mashine hununuliwa tena watu wakichanga. Jina la mtu likishapasuliwa, hatujaona duka linalouza lingine.

Wabillahi tawfiq.